Ploti tupu si pensheni

Nakuru, hasa tangu ipandishwe hadhi kuwa jiji Desemba 2021, utasikia kauli hii kila mahali: nunua ploti Kiamunyi au Lanet, iache hapo, uzeeni itakulisha. Eti bei ya ardhi haishuki.

Bei hiyo, hadi mnunuzi alipe, iko mdomoni mwa dalali tu. Naye mnunuzi anaweza kukosekana mwaka mzima huku bili ya hospitali ikikungoja. Ukiuza, serikali inachukua asilimia 15 ya faida. Kabla ya 2023 ilikuwa 5.

Mstaafu anahitaji pesa ya kila mwezi. Tuseme una bedsita 10 (nyumba za chumba kimoja) Njoro, karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, kila moja shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 600,000 kwa mwaka. Wanafunzi wakifunga, vyumba vinne vikae tupu miezi mitatu, 60,000 zimeenda. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, inatoza asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba uliyopokea, kabla hujatoa gharama yoyote: hapo ni 40,500. Bado fundi wa mabomba, rangi na mlinzi. Kama ulijenga kwa mkopo, benki ndiyo inakula kwanza.

Sisemi usinunue ardhi. Ila mchango wako katika mfuko wa pensheni uliosajiliwa, hadi 30,000 kwa mwezi, hautozwi kodi ya mapato, na jambo hilo madalali hawalitaji kamwe.