Lindi Haikai Kwenye Batani ya "Afrika"

Juzi tena. Nimemaliza kupiga kipande changu kipya cha piano kuhusu Lindi, mzee mmoja wa kwaya akanishika bega: "Mwalimu, umepiga vizuri, lakini Lindi yenyewe iko wapi? Ungetia ngoma kidogo, na mawimbi."

Mawimbi! Kinanda cha umeme kinayo, pamoja na ndege na radi. Kina hata ridhimu iliyoandikwa "Afrika": bonyeza tu, unapata bara zima, Dakar mpaka Newala. Wengine hunishauri nipige batani nyeusi peke yake ndiyo itoke ya kwetu. Noti tano hizo hata Wachina na Waskoti wanazo. Tuyaache.

Chopin, mtunzi wa muziki wa piano, aliondoka kwao Poland mwaka 1830 na hakurudi mpaka alipofia Paris mwaka 1849. Mazurka zake, vipande vya mtindo wa ngoma ya kijijini ya Poland, zinapita 50, na humo hamna ngoma wala fidla, ni piano tupu. Mapigo ni matatu, ila uzito mara nyingi anauhamisha kutoka pigo la kwanza kwenda la pili au la tatu. Mguu wa mchezaji wa kijijini umehamia kwenye vidole.

Hapo ndipo ninapogombana na wanafunzi. Kwenye kipande changu mkono wa kushoto unapiga mbili, wa kulia tatu, ndani ya nafasi ileile, kama ngoma nilizokulia. Wao wanadhani ugumu ni kasi. Siyo! Polepole ndiko kwenye kazi. Noti ya pili ya kushoto inaangukia katikati kabisa ya ya pili na ya tatu za kulia. Iegemeze kidogo tu upande mmoja, tayari umepiga paredi ya mgambo. Tembea nayo chumbani kwanza, ndipo ukae kwenye piano.

Na Lindi? Kwangu mimi ni kukisubiri kivuko cha Kitunda: injini inanguruma, baiskeli zinapakiwa, mama na tenga lake keshakaa, na hatuondoki. Kwa hiyo kodi ya tano (chord, noti zinazopigwa pamoja), ile inayotamani kurudi kwenye kodi ya nyumbani, nimeishikilia baa 12 za muziki bila kuirudisha. Lakini niseme kweli: nikifuta jina la kipande, mtu wa Mwanza atadhani yuko Busisi enzi zile za kivuko, kabla ya daraja, na sina cha kumbishia.

Halafu kuna hili. Piano ninayotumia inakunywa unyevu wa bahari. Masika mbao na feliti (vitambaa vizito vya ndani) zinavimba, na F shapu ya katikati, batani moja nyeusi, ukiibonyeza inazama, haipandi. Nikaandika melodia iiruke. Sikuwa na falsafa yoyote, nilikwepa ubovu.

Yule mzee alipoona nimenuna akasema, "Basi, kuna mahali pamoja nimeisikia Lindi." Nikamwomba animbie. Akaimba taratibu, macho kafumba, na alipofika penye F shapu akairuka.