Tofauti za kimbari katika huduma kwa wazee walioumia ubongo

Nchini Marekani, dhana ya tofauti za kimbari katika tiba ilipewa ufafanuzi mashuhuri na Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo mwaka 2003: ni tofauti za ubora wa huduma baina ya watu wa rangi mbalimbali ambazo hazitokani na hali ya ugonjwa, wala matakwa ya mgonjwa, wala uwezo wake wa kuifikia huduma. Si kila tofauti, basi, inayoingia humu. Ikiwa mgonjwa mmoja ameumia zaidi ya mwenzake, kutibiwa kwao kwa namna mbili ni sahihi.

Kwa wazee, ambao wengi huumia ubongo kwa kuanguka, pengo hilo huonekana hasa siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Baadhi hupelekwa kwenye vituo vya utengamao, ambako mgonjwa hufanyishwa mazoezi ya viungo, usemi na kumbukumbu kwa takriban saa 3 kwa siku, kwa kawaida siku 5 kwa wiki. Wengine huenda kwenye nyumba za uuguzi zenye mazoezi machache, na wengine hurudi nyumbani moja kwa moja. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa majeruhi weusi na Walatino hupelekwa kwenye vituo hivyo mara chache kuliko weupe, hata majeraha yao yanapolingana uzito.

Mtu angedhani sababu ni kukosa bima, lakini karibu kila Mmarekani mwenye umri wa miaka 65 au zaidi ana Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee. Ila Medicare si moja: katika mipango yake inayoendeshwa na kampuni binafsi, ambayo wazee weusi na Walatino wamejiunga nayo kwa wingi kuliko weupe, kampuni huweza kudai kibali chake kitolewe kwanza kabla ya mgonjwa kupelekwa kwenye utengamao. Hapa ndipo ninapoona ufafanuzi wa 2003 unabana mno, kwa kuwa ukiondoa kwenye hesabu aina ya bima na umbali wa kituo, unaondoa njia zenyewe ambazo ubaguzi wa zamani wa makazi na ajira hupitia hadi kumfikia mzee kitandani.

Matakwa nayo yana utata. Familia ikimchukua mzee wao nyumbani, faili huandikwa kwamba huo ni uamuzi wao. Lakini kama hakuna aliyewaeleza, kwa lugha wanayoielewa, kwamba kituo cha utengamao kipo na bima inaweza kukilipia, hawakuwa na cha kuchagua.