Oktani si nguvu: dhana potofu kuhusu petroli na ukweli wake

Mwenye Toyota IST anayelipa ziada ili ajaziwe petroli ya oktani ya juu ananunua kitu ambacho gari lake halina pa kukitumia. Kauli hii huwaudhi watu vijiweni, kwa hiyo tuanze nayo.

"Oktani kubwa ndiyo nguvu kubwa"

Oktani haipimi nguvu iliyomo kwenye mafuta. Inapima uvumilivu wake. Pistoni inapopanda hubana hewa na petroli ndani ya silinda, na kitu kikibanwa hupata joto. Utaratibu ni kwamba mchanganyiko ule usubiri cheche ya plagi, uwake, kisha moto usambae kutoka kwenye plagi kwenda pembeni. Mafuta yasiyo na uvumilivu hayasubiri: sehemu ambayo moto haujaifikia hujiwasha yenyewe kwa kishindo, na dereva husikia mlio kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo, hasa anapokanyaga mafuta mlimani na gia ni kubwa. Huko ndiko kugonga. Kukiendelea kwa muda mrefu huweza kutoboa pistoni.

Kipimo chenyewe kilibuniwa Marekani mwaka 1926 na mkemia Graham Edgar wa kampuni ya Ethyl. Alichukua vimiminika viwili: iso-oktani, inayovumilia sana, akaipa 100; na heptani, inayogonga upesi, akaipa sifuri. Petroli ya 93 ni ile inayovumilia sawa na mchanganyiko wa sehemu 93 za iso-oktani na 7 za heptani. Hakuna mahali kwenye hesabu hiyo panapotajwa nguvu.

Anayebisha aangalie ethanoli. Oktani yake inapita 100, lakini lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na lita ya petroli. Uvumilivu mkubwa, nguvu kidogo.

Sasa turudi kwa IST, Vitz, Probox na ndugu zao wanaotumia injini ya 1NZ. Magari haya yalitengenezwa kwa soko la Japani, ambako petroli ya kawaida hutakiwa kuwa na oktani isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. 1NZ ilipangiwa ile ya kawaida. Super inayouzwa Kenya imewekewa kiwango cha chini cha 93. Yaani gari lililozaliwa likinywa 89 limekuja kwetu likakuta kinywaji bora kuliko cha nyumbani, na bado mwenye gari anaona halijatosha.

Shirika la madereva la Marekani, AAA, lilipima jambo hili mwaka 2016 kwa magari yaliyopangiwa petroli ya kawaida. Yalipopewa ya daraja la juu hayakuongeza nguvu ya maana, hayakupunguza ulaji wa mafuta, wala hayakupunguza moshi.

Wapo wanaohitaji oktani ya juu kweli, na hao wasinisikilize vibaya. Subaru yenye turbo, Volkswagen ya TSI, magari ya Ulaya kwa jumla: injini hizi hubana sana, na zimepangiwa 95 au zaidi. Zikipewa pungufu, nyingi hazifi hapo hapo, kwa sababu zina sensa inayosikia kugonga kukianza. Kompyuta huchelewesha cheche kidogo ili kuiokoa injini, na gharama yake ni nguvu kupungua na mafuta kuliwa zaidi. Kwa gari la namna hiyo kweli utaona tofauti ukijaza yanayostahili. Jibu la gari lako liko kwenye kitabu chake, au kwenye stika iliyo ndani ya kifuniko cha tangi. Ikiwa ni ya Kijapani, piga picha utafute wa kukusomea.

"93 ni 93 popote"

Si kweli, na hapa ndugu zetu walioko Marekani hujichanganya. Afrika Mashariki, Oman, Dubai na Ulaya hutumia kipimo kiitwacho RON. Pampu za Marekani huonyesha wastani wa RON na kipimo kingine kikali zaidi, MON, kwa hiyo namba yao huwa ndogo. Ile 87 ya kule, ambayo watu huiona duni, ni kama 91 au 92 ya RON. Na 93 ya Houston ni sawa na 97 hivi ya Mombasa. M91 na M95 za Muscat, kwa upande mwingine, unaweza kuzisoma kama zilivyo.

"Mafuta ya mikoani hayana nguvu"

Hii nimeisikia sana kwa wanaosafiri barabara ya Mbeya. Mtu ametoka Dar es Salaam gari linateleza vizuri, akajaza Iringa baada ya kumaliza mlima wa Kitonga, kuanzia hapo anaona gari zito, halivuti. Hitimisho: Iringa wamemwekea mafuta ya taa. Akirudi Dar anawasimulia wenzake, na sheli ya watu inaharibikiwa jina.

Kilichobadilika ni hewa. Iringa iko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, na Nairobi iko kwenye kimo hicho hicho. Huko juu hewa ni nyepesi karibu kwa moja ya tano, na injini isiyo na turbo hula hewa kama ilivyo. Hewa pungufu, mafuta pungufu, nguvu pungufu. IST yenye nguvu za farasi kama 109 ufukweni ikifika Mbeya inabaki na 90 hivi. Petroli ya Dar ukiibeba kwenye dumu ukaimimina Mbeya haitakusaidia kitu.

Na kuna jambo linalopindua dhana hii kabisa: juu ya milima injini huhitaji oktani *ndogo* zaidi, kwa sababu hewa nyepesi ikibanwa shinikizo lake halifiki lile la pwani. Afrika Kusini wamelifanyia biashara siku nyingi. Johannesburg na maeneo ya bara huuziwa 93, na pwani huuziwa 95. Kwa mantiki hiyo, kama kuna mahali gari linaweza kugonga kwa sababu ya oktani, basi ni Tanga au Mombasa likiwa limejaa mizigo kwenye joto la Februari, kabla halijagonga Njombe. Turbo ni habari nyingine, kwa sababu hujisukumia hewa yenyewe.

"Kampuni fulani ina mafuta mazuri kuliko nyingine"

Nusu ya hili ni kweli, na ni muhimu kujua ni nusu ipi.

Tanzania na Kenya hazisafishi mafuta ghafi. Kiwanda cha TIPER cha Dar es Salaam kiliacha kazi hiyo zamani, na kile cha Mombasa kikasimama mwaka 2013. Petroli yetu yote hutoka nje ikiwa tayari. Tanzania kampuni huagiza kwa pamoja, meli moja ikigawiwa kampuni nyingi, na Kenya pia shehena huletwa kwa ajili ya soko zima. Kwa hiyo kwenye ghala, petroli ya kampuni kubwa yenye matangazo na ya kampuni ndogo isiyojulikana inaweza kuwa imetoka kwenye tumbo moja la meli. Tofauti ya kampuni ni dawa za kusafisha nozeli ambazo baadhi huongeza. Ni kitu kizuri, lakini hakihusiani na oktani. Na kwa injini za D4, zile zinazopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, dawa hizo hazisafishi valvu za kuingizia hewa, kwa kuwa petroli haipiti hapo.

Nusu iliyo kweli huanzia mafuta yanapotoka ghalani. Njiani kuna lori, kuna dereva, na kuna tangi chini ya sheli ambalo huenda halijasafishwa miaka. Uchakachuaji hufanyika huku. Mafuta ya taa yalikuwa yakitozwa kodi ndogo, basi wajanja wakayachanganya na petroli na dizeli wakala tofauti. Madhara yake si ya kubahatisha: oktani ya mafuta ya taa haifiki hata nusu ya ile ya petroli, hayageuki mvuke kirahisi, huacha masizi kwenye plagi, na yale yasiyoungua huteremka ukutani mwa silinda yakaifanya oili kuwa nyepesi. Gari huwaka kwa shida asubuhi, hugonga, hutoa moshi.

Serikali zilijibu kwa kodi na kwa kemia. Tanzania ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa katika bajeti ya 2011/12. Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, na bei ya mafuta ya taa ikasogea karibu na dizeli. Aliyeumia zaidi, tuseme ukweli, ni mama wa kibatari na jiko la utambi ambaye hajawahi kumiliki gari. Upande wa kemia, EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani kemikali za kutambulisha, kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi kwa soko la ndani, na mkaguzi akikuta kwenye tangi la sheli vimepungua anajua kuna kilichoongezwa. Kenya walikwenda kinyume: wakaweka alama kwenye mafuta ya taa na yale yanayopita kwenda nchi jirani, ili yakionekana kwenye petroli ya ndani mtu akamatwe.

Maji nayo yanasumbua, hasa masika, mfuniko wa tangi la sheli ukiwa mbovu. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na pampu ikifyonza karibu na sakafu anayepewa ni wewe. Hapo wenye D4 ndio wa kwanza kulia: pampu yao ya shinikizo kubwa haipatani na maji wala uchafu. Watu husema D4 inataka mafuta maalumu. Inataka mafuta safi na filta inayobadilishwa kwa wakati.

"Unayatambua kwa rangi"

Rangi hutiwa tu, na vinasaba havionekani kwa macho. Afadhali karatasi: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe safi, likae dakika chache. Petroli safi hukauka bila alama, mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Hiyo ni sababu ya kushuku, haitoshi kuwa ushahidi.

"Gari likigonga, kosa ni la petroli"

Mara nyingine, ndiyo. Lakini masizi yaliyoganda juu ya pistoni kwa miaka, injini inayochemka kwa sababu rejeta imeziba, plagi zisizo za injini hiyo, au fundi aliyesogeza taimingi ya distribyuta kwa sikio, yote hugongesha injini hata ukiiwekea petroli ya ndege ndogo.

"Kuna dawa ya chupa"

Soma maandishi vizuri. Chupa nyingi huahidi "pointi", na pointi moja ya wauzaji ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi tano ni nusu oktani. Zenye manganizi huacha rangi nyekundu kwenye plagi. Nafthalini, vile vidonge vya kufukuza wadudu kwenye nguo ambavyo wengine huvitia kwenye tangi, iache kabatini.

"Jaza alfajiri, mafuta yanakuwa mazito"

Petroli hutanuka kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Hata kama joto lingetofautiana kwa nyuzi 10, kwenye lita 40 ungepata chini ya nusu lita. Ila tangi liko ardhini, na joto lake saa kumi na moja alfajiri na saa nane mchana ni karibu lile lile.

"Petroli ya zamani, yenye risasi, ndiyo ilikuwa petroli"

Risasi (madini ya ledi) iliwekwa ili kupandisha oktani kwa bei rahisi, baada ya Thomas Midgley wa General Motors kugundua mwaka 1921 kwamba inazuia kugonga. Nayo ni sumu inayodumaza akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Aljeria ilimalizia Julai 2021, ikiwa ya mwisho duniani, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi likatangaza mwisho wa zama hizo. Siku hizi ukiitia kwenye gari, masega ya kusafisha moshi kwenye bomba yatakufa kabla hujaifurahia.

Ukiamini umeuziwa mafuta mabaya, usilimalize tangi kwa hasira. Zima gari, mwambie fundi atoe sampuli kwenye chombo safi cha kioo au chuma, tunza risiti yenye saa na namba ya pampu, kisha peleka malalamiko EWURA ukiwa Tanzania, au EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ukiwa Kenya. Bila risiti, sheli itakwambia ulijaza kwa jirani.