Rivabu Haikuzaa Muziki wa Surf

Mwanafunzi akitaka kujifunza gitaa la surf, muziki wa Kimarekani wa wateleza mawimbi, swali lake la kwanza huwa lilelile: “Mwalimu, ninunue rivabu gani?” Rivabu ni kifaa kinachoipa sauti ya gitaa mwangwi. Swali hili limenichosha, kwa sababu watu wanatoa pesa kabla mikono haijajua kitu. Wanaamini rivabu ndiyo iliyozaa surf. Si kweli, na ushahidi ni The Bel-Airs, bendi ambayo wengi wao hata hawajaisikia.

Walikuwa vijana wadogo wa South Bay, pwani ya Los Angeles. Mwaka 1961 walitoa “Mr. Moto”, kibao kisicho na maneno, miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za surf. Ule mlio wa majimaji unaotoka kwenye springi za rivabu humo haumo. Kuna magitaa mawili yanayopokezana. Utangulizi una ladha ya flamenco, kisha Eddie Bertrand anashika solo, na Paul Johnson yuko kwenye rithimu. Msikilizeni Johnson! Hapigi kodi za kusindikiza tu. Anasukuma, anajibu, anaziba mapengo.

Rivabu ya Fender, kampuni ya magitaa, ilipoenea, Bertrand aliipenda, Johnson hakuitaka. Tofauti hiyo ilichangia kuivunja bendi mwaka 1963, Bertrand akaenda kuunda bendi ya Eddie & the Showmen. Mimi niko upande wa Johnson: sauti ikitapakaa, gitaa la pili linamezwa.

Kwa hiyo zima rivabu na madoido mengine yote. Laza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, karibu kabisa na briji, pale nyuzi zinapokalia mwili wa gitaa, bila kuzikaba. Piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, iende chini-juu, chini-juu kwenye uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, taratibu, hadi kila noti isikike imekatika vizuri. Bila rivabu kosa unalisikia papo hapo, ukiiwasha, linajificha.

Mengine ni mafupi. Surf si kundi la waimbaji la Beach Boys peke yao: “Surfin'” yao ilitoka mwishoni mwa 1961, wakati vibao vya magitaa vilikwisha kuchezwa madansini. Mpiga gitaa Dick Dale ni gwiji, ila hakuwa peke yake, “Let's Go Trippin'” yake ni ya mwaka uleule wa “Mr. Moto”. Na si lazima kuzaliwa ufukweni: bendi ya The Astronauts ilitoka Boulder, Colorado, jimbo lisilo na bahari, na “Baja” yao ya 1963 imejaa rivabu tele. Hao waliijua kazi yao kwanza.