Kwa nini bima ya nyumba Marekani hulipa bomba likipasuka lakini hailipi mafuriko?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba bima ya nyumba hukinga nyumba, basi. Sakafu ikivimba kwa maji, kuta zikiota ukungu, kampuni inalipa, kwani maji si ni maji? Nilipokaa na mkataba wa kawaida wa mwenye nyumba wa Marekani na kuusoma kifungu kwa kifungu ndipo nilipoona kosa langu. Mkataba ule haukingi nyumba dhidi ya kila linaloipata. Kabla ya kupima hasara, unauliza maji yametoka wapi na yameingiaje.

Chukua sakafu moja ya mbao. Bomba likipasuka ghafla usiku, kwa kawaida sakafu hiyo italipiwa. Bomba hilohilo likivuja tone kwa tone kwa miezi mitano, hailipiwi, maana hilo huhesabiwa kuwa uzembe wa matunzo. Upepo ukiezua paa na mvua ikapita hapo, inalipiwa. Maji machafu yakirudi ndani kupitia bomba la choo, inategemea kama ulinunua kinga ya ziada. Mto ukifurika ukaingia mlangoni, hailipiwi hata senti moja. Mbao ni zilezile, zimeoza vilevile, ila majibu yanapishana. Mikataba hutofautiana, na cha kuamua ni maneno ya ule ulioutia saini wewe.

Kwa nini mafuriko yatengwe? Fikiria watu 1,000 wanaochangia mfuko mmoja, kila mtu dola 10 kwa mwaka. Mfuko una dola 10,000. Kila mwaka mabomba ya watu watano hivi hupasuka, na kila mmoja anahitaji dola 1,500. Zinatoka 7,500, mfuko unabaki hai. Siri iko hapa: bomba lako likipasuka, la jirani halina habari. Bahati mbaya huja mojamoja, na wengi waliosalimika humbeba aliyepatwa.

Mto hauji mojamoja. Miaka tisa hautoi hata tone, na wa kumi unaingia nyumba 300 kwa usiku mmoja. Zinatakiwa dola 450,000. Ukipandisha michango, wanaokaa mlimani wanajitoa, kwa kuwa wanajua maji hayawafikii. Wanabaki wa bondeni peke yao, yaani wale wale watakaodai siku moja.

Ndiyo maana mwaka 1968 serikali ya shirikisho ilianzisha mpango wake wa bima ya mafuriko. Nyumba ya familia hulipiwa hadi dola 250,000 na vitu vya ndani hadi dola 100,000. Kwa kawaida kinga huanza siku 30 baada ya kununua, kwa hiyo anayekwenda kuinunua akishasikia kimbunga kinakuja amechelewa. Mpango huo una tafsiri yake ya neno “mafuriko”, nami naipenda kwa jinsi ilivyopimwa: maji yawe yamefunika ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu, yenye ukubwa wa angalau ekari mbili, au yawe yamegusa mali mbili au zaidi, mojawapo yako.

Hata hivyo mpaka huo hauonekani vizuri kila mara. Kimbunga Katrina kilipopiga pwani ya Ghuba ya Meksiko, kusini mwa Marekani, mwaka 2005, kuna nyumba zilizobaki msingi mtupu. Je, upepo ulizibomoa kwanza, au wimbi la bahari? La kwanza lilikingwa, la pili halikukingwa, na kuta ambazo zingeonyesha jibu zilikuwa hazipo tena. Kesi zilijaa mahakamani.

Tena utengaji huu si sheria ya dunia nzima. Uingereza, bima za kawaida za nyumba hujumuisha mafuriko, na tangu 2016 kampuni zinaweza kuihamishia sehemu hiyo ya hatari kwenye mfuko wa pamoja uitwao Flood Re, ambao huchangiwa na kampuni zote zinazouza bima za nyumba, pamoja na zile ambazo wateja wao wanakaa mlimani.