"Imetoka kama foto" si sifa

Jamani. Mtu akipita akute sura ya Wangari Maathai ukutani lazima aseme "eh, hiyo imetoka kama foto kabisa", mwenzake anaitikia "huyo msee ana kipaji", na hapo kutazama kumeisha, wanavuka barabara. Na wewe uliye juu ya jukwaa na rangi hadi kwenye kope unatakiwa useme asante. Mimi huchora kuta hapa Nairobi, ndiyo kazi inayonilisha, na hii imani kwamba mchoro mzuri ni ule unaofanana imenichosha sasa, kwa hivyo leo mtanivumilia.

Kufanana ni kupima tu. Unajaza ukuta vijichoro vya ovyo, herufi, duara, misalaba, unapiga picha kwa simu, halafu ndani ya programu unailaza ile picha ya sura juu yake, sasa unajua jicho la kushoto linaanzia kwenye mkia wa ile S na kidevu kinaishia chini ya pembetatu. Basi. Sijasema ni rahisi, bega litakuuma na upepo utakupeperushia rangi usoni, lakini ni ufundi wa vipimo, na mwenye mkono mtulivu akikaa nao ataupata.

Mimi nikifika huangalia ukuta kwanza. Kuta zetu nyingi ni za mawe ya kuchonga zilizopigwa kii, na ile mistari ya saruji inakata kila kitu unachochora. Asiyeusoma ukuta atauweka mdomo pale pale kii inapopita, mama wa watu anaonekana ana mshono wa hospitali. Aliyeusoma anaisogeza sura juu kidogo, kii inaangukia kwenye pindo la kilemba, na wewe unapita wala hujui kuna mtu alikaa chini akafikiria hilo. Kwenye simu huwezi kuliona. Ukisimama mbele yake utaliona, na ukishaliona mara moja hutaacha kulitafuta.

Halafu umbali. Ukuta wa kando ya Thika Road unatazamwa na mtu aliye kwenye matatu inayokimbia, ana sekunde mbili tatu, sasa kope moja moja ni za nini? Hapo nataka maumbo makubwa na rangi zinazogombana. Ukuta wa kichochoro ambako watu wanateka maji ni kitu kingine, huko weka vitu vidogo, kuna mtu atausoma kila siku akingoja mtungi ujae.

Mnataka ushahidi? Baada ya uchaguzi wa 2007 mji ukiwaka, Solo7, mchoraji wa Kibera, alizunguka mtaa huo na brashi akiandika KEEP PEACE kwenye kuta, vibanda, popote. Herufi tu! Hakuna sura, hakuna kivuli, na mimi sijui kazi ya ukutani katika mji huu iliyowekwa mahali pake na wakati wake kuliko ile. Halafu 2012 kule barabara ya Muindi Mbingu karibu na City Market, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wa grafiti wakachora usiku mwanasiasa akiwa tai mla mizoga. Hakufanana na mtu yeyote, ndiyo maana kila mtu akamwona mbunge wake.

Na vile vichwa vya kinyozi? Mnavicheka. Shingo imepinda, sikio limekaa karibu na jicho, lakini ukiwa ng'ambo ya barabara unajua hapa wananyoa na unajua ni mitindo gani, na fundi alivichora kwa rangi aliyobakiza kwenye kazi ya geti. Ninaviheshimu kuliko sura nyingi za mastaa, zikiwemo nilizolipwa kuchora.

Rangi kupauka nisilikalie sana, jua la hapa halina huruma, nyekundu kali na njano hukimbia mapema, nyeusi na ile ya redi oksaidi hubaki. Ukiona shujaa amekuwa wa buluu usilaumu mchoraji peke yake, pengine mwenye jengo alikataa kununua undakoti, ile rangi ya kwanza ya chini.

Penye shaka nami nina shaka. Zile herufi za grafiti zilizosokotana mpaka hazisomeki, mimi huangalia kingo tu, kama mstari umevutwa mara moja bila kutetemeka najua aliyeuvuta ana mkono, lakini kama ukuta unaongea na wachoraji wenzangu tu, yule mama wa mboga anayekaa chini yake kutwa anapata nini? Sina jibu. Na duka likipakwa rangi ya kampuni ya simu kutoka msingi hadi bati nasema huo ni uchafu, ila mwenye duka amepakiwa bure na ukuta umekauka vizuri, na kampuni hiyo hiyo ikinipigia kesho kuhusu ukuta wa ghorofa nne nitauliza jukwaa ni la nani na malipo ni lini.

Sura nitachora wakitaka. Nitaomba tu niambiwe kii imepita wapi.