Je, wajua? Kwa nini mtafuta ruzuku halipwi kwa asilimia

Nilipoomba kazi ya uafisa mwandamizi wa ruzuku kwa mara ya kwanza, niliandika katika barua yangu sentensi niliyodhani itawafurahisha: kwamba niko tayari kupokea mshahara mdogo, mradi nilipwe asilimia tano ya kila ruzuku nitakayoleta. Niliona huo ni uungwana. Fedha zisipokuja, nami sipati. Zikija, tunagawana neema. Sikuitwa kwenye usaili. Siwezi kuapa kwamba sentensi ile ndiyo iliyoniangusha (wasifu wangu nao ulikuwa na mapengo yake), lakini barua kama ile ikipita mezani kwangu leo, najua mara moja kwamba aliyeiandika hajawahi kusimamia bajeti ya ruzuku.

Dhana yenyewe haikosi mantiki. Dalali wa nyumba hulipwa kwa asilimia, wakala wa bima vilevile, wala hakuna anayewaita walafi. Kwa nini basi mtu aliyekesha akiandika andiko la mradi, likaleta fedha za miaka mitatu, asipate fungu lake? Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni kwamba hii ni kazi ya hisani, haifai kutiwa tamaa. Nililiamini jibu hilo kwa muda, nalo pia lilinipotosha. Wanaofanya kazi hii wana mishahara, na hakuna anayewataka wajitolee. Tatizo ni la kihasibu kabla halijawa la kimaadili.

Nyumba inapouzwa, fedha za mnunuzi huwa mali ya muuzaji. Akimkatia dalali chake, hakuna wa kumuuliza. Ruzuku nyingi haziko hivyo. Hufika zikiwa na masharti, na kila senti imeshapangiwa mahali pake katika bajeti iliyokubaliwa na pande zote mbili.

Chukua mfano wa jirani aliyekutuma dukani. Amekupa fedha na orodha: misumari, rangi, brashi mbili. Utarudi na vitu, risiti na chenji. Fedha zilikuwa mfukoni mwako njia nzima, lakini hazikuwa zako hata kwa hatua moja. Sasa tuseme jana yake ulipanda basi kwenda kumshawishi akutume wewe badala ya mtu mwingine. Je, utaikata nauli ile kwenye fedha za misumari? Haimo kwenye orodha. Tiketi yake ina tarehe ya kabla hujatumwa. Na jirani akihesabu, atakuta misumari pungufu. Asilimia ya mwandishi wa andiko ni nauli ya jana. Kazi yake imekwisha kabla mkataba haujasainiwa, ilhali ruzuku kwa kawaida hulipia gharama za tangu mkataba unapoanza, labda mfadhili akubali vinginevyo.

Mtu atasema: basi nauli iandikwe kwenye orodha. Hapo jirani ataombwa alipie gharama ya kuombwa. Isitoshe, anayeandika andiko mara nyingi ana mkono pia katika bajeti yake, na kadiri bajeti inavyonenepa ndivyo fungu lake linavyokua. Hoja hii ya pili ni ya mantiki zaidi kuliko ya takwimu, kwa hiyo siiegemei sana. Ile ya nauli inatosha.

Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani zinalionyesha jambo hili kwa namna ya kupendeza, kwa mtu anayeweza kupendezwa na vitu vya aina hiyo. Kifungu cha 200.442 kinakataa gharama za kampeni za uchangishaji fedha zisitozwe kwenye ruzuku, isipokuwa pale uchangishaji unapotumikia malengo ya mradi wenyewe na idhini ya maandishi imetolewa mapema. Kifungu cha 200.460 kinafungua mlango mwingine: gharama za kuandaa maombi, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, kwa kawaida ziingizwe katika gharama zisizo za moja kwa moja na kugawanywa kwa shughuli zote za shirika. Yaliyoshindwa pia! Mbele ya mhasibu, andiko lililoshinda na lililotupwa ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja.

Gharama hizo ni kama kapu moja la shirika zima: ndilo lenye kodi ya ofisi, umeme na mshahara wa mhasibu mwenyewe, na humo ndimo mshahara wa mwandishi unapopata nafasi. Shirika lisilo na kiwango cha kapu hilo lilichojadiliana na serikali hiyo liliruhusiwa kutoza, kwa ajili ya kapu, asilimia 10 ya sehemu kubwa ya gharama za moja kwa moja, yaani zile za mradi wenyewe. Tangu Oktoba 2024 ukomo ni asilimia 15. Kwa hiyo asilimia ipo, ila ni ya kapu zima. Wafadhili binafsi wana viwango vyao, na wapo wasiolipia kapu hilo kabisa.

Maadili huja baada ya hapo. Association of Fundraising Professionals, chama cha wachangishaji fedha kilichoanza mwaka 1960 kwa jina jingine, kinawakataza wanachama wake malipo ya asilimia. Grant Professionals Association, chama cha watafuta ruzuku kilichoanzishwa mwaka 1998, nacho hivyo hivyo. Katazo hilo huwafunga wanachama tu, kwa hiyo bado utakutana na tangazo la kazi linaloahidi kamisheni. Mimi hulisoma kama tangazo la shirika ambalo halijapata fedha za mshahara.

Kosa langu, nikilitazama sasa, lilikuwa katika neno “nitakayoleta”. Ruzuku haimfuati mtu kama kivuli. Andiko moja lina takwimu za watu wa miradi, bajeti ya mhasibu, sifa ya shirika kwa wafadhili na, mara nyingine, uhusiano uliojengwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Ndiyo maana wasailiwa wanaotaja jumla kubwa ya fedha walizoleta hukatizwa kwa maswali madogo: ngapi zilikuwa ruzuku mpya na ngapi za kuendelezwa? Uliomba kiasi gani, ukapewa kiasi gani? Uliandika sehemu ipi? Anayejigamba kwamba hajawahi kukataliwa huenda aliwaandikia wafadhili wale wale waliokwisha kuamua kuendelea. Kwa nafasi ya juu huulizwa pia ni ombi gani ulilizuia lisitumwe, na kwa nini. Mara ya kwanza kulisikia swali hilo nilidhani ni mtego.

Bonasi ni habari nyingine. Kanuni za chama kile cha 1960 zinairuhusu, ikiwa inalingana na utaratibu wa shirika na haikokotolewi kwa asilimia ya michango. Katika usaili wangu uliofuata niliuliza kama wanatoa. Mwenyekiti wa jopo alijibu kwamba hawatoi bonasi kwa mtu yeyote, jambo ambalo, nilikiri, linatimiza kanuni kikamilifu.